Fimbo Iliyojaribiwa

Jamani, nyumba ile ilikuwa na amani yake. Asubuhi mzee, mwashi aliyestaafu, alikaa kibarazani akiunyoosha mguu wake mbovu. Ndani, mwanawe wa pekee alikuwa kajilaza kochini, kidole kwenye simu, anauza.

Anauza nini? Kila kitu, na hana kitu. Majirani walimwita Bosi Picha, maana duka lake lote lilikuwa picha. Mteja akiagiza, Bosi anampelekea agizo msambazaji wa mbali, naye anatuma mzigo moja kwa moja kwa mteja, umebandikwa jina la duka la Bosi. Kazi halali, siisemi vibaya. Ubaya ulikuwa kwenye maneno mawili aliyoandika chini ya kila picha: "Nimejaribu mwenyewe."

"Baba watoto," mkewe alimwuliza akikunja nguo, "hata hii fimbo ya kukunja umeijaribu? Na hiyo miguu mizima?"

"Wewe nawe! Kila muuzaji anaandika hivyo."

"Na yule mama aliyelalamika kifungio kinateleza?"

"Nilimtumia nyingine, akanyamaza. Yameisha."

Picha ya fimbo akaiacha dukani palepale.

Siku hizohizo mzee alijikongoja hadi kwa kinyozi wa jirani. "Niagizie ile fimbo ya kukunja ya duka la mwanangu kwa simu yako. Usimwambie. Nataka nimuungishe mwanangu; akijua ni mimi atanipa bure."

"Mzee, si uchukue ya mbao pale sokoni? Ngumu kama chuma."

"Hiyo ya mbao imejaribiwa na nani? Hii kaijaribu mwanangu, kaandika mwenyewe."

Agizo likaingia kwa jina la kinyozi. Bosi Picha akacheka, "Kinyozi naye kashazeeka!" Akabonyeza, akasahau.

Mzigo ulipofika kwa kinyozi, mzee aliichukua fimbo yake kwa furaha, akarudi nayo kwapani ili ampe mwanawe mshangao. Kwenye ngazi ya kibaraza akaifungua, akaiegemea. Kifungio kikateleza. Fimbo ikajikunja, na mzee akaanguka nayo.

Bosi alisikia kishindo, akatoka mbio. Kabla hajamwinua baba yake, macho yake yaliangukia kibandiko cha fimbo: jina la duka lake.

"Usinikasirikie, mwanangu," mzee alisema huku meno yakigongana kwa maumivu. "Nimeiharibu. Wewe ulipoijaribu, uliishikaje? Nadhani nimekosea mimi."

Hapo ndipo pa kusema kweli. Akasema, "Tulia, baba, usiongee."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini, kila mwanawe alipomtembelea, mzee aliuliza lilelile: "Hivi uliishikaje?" Na kila mara kijana alipanga shuka, akamimina maji, akatazama dirishani. Homa ya mapafu ikampata mzee akiwa kitandani, akafariki.

Neno lake la mwisho alimwachia mkwewe. "Mwambie mumeo aeleze vizuri jinsi ya kuishika, mama. Wazee tusiojua tusije tukamharibia jina."

Mke alilifikisha vile lilivyo. Bosi Picha alikaa chini kwenye ngazi ileile akalia kwa sauti, akijibu swali ambalo muulizaji hayupo tena: "Sikuishika, baba. Sikuwahi kuishika."

Funzo

Kuuza mali iliyo kwa mwingine si kosa. Kosa ni kuitolea ushahidi mali usiyoigusa. Anayenunua haamini picha, anakuamini wewe, na huyo anaweza kuwa baba yako. Kabla hujaandika umejaribu, agiza kimoja, kiegemee kwa uzito wako wote. Kama ni kuanguka, uanguke wewe.