Paka Amehama

"Paka yuko wapi?"

Upande wa pili wa simu vyuma viligongana kwa mbali, kama kawaida ya mtu anayefanya kazi ndani ya shimo la lifti.

"Wewe mwanamke," sauti ya mumewe ikacheka, "hata mimi?"

"Hata wewe. Paka yuko wapi?"

"Chini ya kitanda. Kahama. Umeridhika?"

Mshona mapazia aliridhika. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akakaa vizuri. Kwenye kioo cha simu jina lilikuwa lile lile, *Wangu*, na sauti ilikuwa ile ile iliyomwamsha asubuhi.

Paka mwenyewe hakuwepo duniani. Walimbuni baada ya matapeli kumpigia mama mkwe kwa namba ya mwanawe, wakamlilia kwamba kapata ajali, na mama wa watu akatuma akiba yake yote bila kuvaa hata viatu. Namba ilikuwa ya mwanawe kabisa. Jina lilijitokeza kabisa. Kumbe namba ya mtu inaweza kuvaliwa na mwingine kama koti, na mwenyewe asijue. Ndipo mume na mke wakawekeana swali lao: ukiulizwa paka yuko wapi, jibu yuko juu ya kabati. Na asubuhi hiyo, wakinywa chai, mke alikuwa amesema jibu limezeeka, paka ahamishwe. Wakamhamishia chini ya kitanda, wakacheka mpaka chai ikamwagika mezani.

"Sasa sikiliza," mume akasema. "Nimempata fundi wa kufunga mota kwenye cherehani yako. Pikapu yake iko njiani. Akifika mpe mashine, aende nayo."

"Mota? Kweli?"

"Si unasema magoti yanakuua? Nilitaka nikushtukize, lakini fundi akija bila taarifa ungemfukuza na mkasi."

Mke akacheka, na macho yakamlowa. Mota hiyo alikuwa ameiomba tangu walipooana. Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yake, ya chuma, ya kukanyaga. Juu ya meza yake palikuwa na alama nyeusi ya pasi. Mama aliisahau pasi hapo siku alipoletewa habari kwamba bintiye kavunjika mkono shuleni, akatoka mbio. Alama hiyo ilitosha kiganja.

Pikapu ikafika. Dereva alikuwa mtu wa adabu, akapewa maji akanywa. Mke mwenyewe akatoa blanketi kitandani, akaifunga mashine, akaisindikiza mpaka barabarani. Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

*"Ameshafika? Ifunike vizuri isije ikakwaruzika njiani."*

Akajibu: *"Nimeifunika kama mtoto mchanga. Asante mume wangu. Leo utakula ulambe vidole."*

Jioni mume alisimama mlangoni, begi la vifaa begani, akatazama pengo lililokuwa karibu na dirisha.

"Mashine iko wapi?"

"Acha utani wako."

"Utani gani? Iko wapi?"

"Si ulituma pikapu."

"Pikapu gani?"

Mke alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu likabaki usoni peke yake, lenyewe limesahauliwa.

Mume akakaa chini sakafuni, mikono kichwani. "Mimi nimeshinda shimoni, hata mtandao hakuna. Sijapiga simu. Shika, tazama mwenyewe."

Akaitazama simu ya mumewe. Haikuwa na simu iliyopigwa wala ujumbe uliotumwa.

"Wameivaa namba yangu tena," mume akasema. "Walianza na mama, sasa wamekuja kwako."

Akamkumbatia. Mkewe alilia kama siku ya msiba, na mkono wa mumewe ukampapasa mgongo, wa moto, wa taratibu. Baadaye kitu kilichokuja kumuuma kuliko vyote ni mkono huo.

Kesho yake mama mkwe alikuja kuwapa pole. Aliketi na mkoba wake mapajani, akamsikiliza mwanawe akieleza. Na mwanawe alikuwa na maelezo.

"Polisi watafanya nini, mama? Wanaopiga hawako hata nchi hii. Huyo dereva naye kakodiwa tu. Siku hizi wanaiga namba, wanaiga mpaka sauti. Ukiisikia unaapa ni mtu wako."

"Na lile swali lenu la paka?" mama mkwe akauliza. "Si mliniambia hilo ndilo kufuli?"

"Wanasikiliza simu, mama. Miezi yote hii tunaulizana paka, paka, juu ya kabati, juu ya kabati. Hata mtoto angeshika."

Mke alikuwa anamimina chai. Mkono ukasimama, birika likabaki limeinama.

"Hakusema kabati."

"Nini?"

"Aliyepiga. Hakusema kabati. Alisema chini ya kitanda. Akasema kahama."

"Basi... walisikia hivyo."

"Walisikia wapi? Tulimhamisha jana, hapa hapa mezani. Simu yangu ilikuwa imezimwa, yako ilikuwa kwenye chaji chumbani. Tulikuwa mimi, wewe na birika hili."

Mume akamgeukia mama yake, kama mtoto anayetafuta pa kujificha. Mama mkwe hakumtazama.

"Mkwe wangu, hebu nipe tena ule ujumbe."

Akaishika simu mbali na macho, akasoma polepole. "Isije ikakwaruzika. Mwizi huyu ana huruma sana." Akairudisha. "Mwanangu, nilipotapeliwa ulikuja ukanishika mkono. Ukaniuliza walianzaje, walisema nini, mimi nikaingiaje. Nikakueleza neno kwa neno huku nalia. Nikadhani unanifariji. Kumbe ulikuwa darasani."

"Mama, si hivyo."

"Mashine iko wapi?"

Ikamtoka vipande vipande. Simu alipiga mwenyewe, ujumbe alituma mwenyewe, kisha akavifuta. Kuna mwanamke, anakaa ghorofani juu ya duka la mikate. Wana mwaka sasa. Mwanamke anataka kuanza kushona, na yeye alishaahidi, na ahadi ilimkaba.

"Ningekununulia nyingine," akamwambia mkewe. "Mpya, ya umeme. Naapa."

"Ile ilikuwa na mkono wa mama yangu mezani. Hiyo mpya ungemleta nani akaiunguze?"

Mama mkwe alishasimama, mkoba kwapani.

"Twende, mkwe wangu. Wewe, mwanangu, kusanya vitu vyako. Tukirudi nisikukute, na hilo begi lako la vifaa nisilikute."

Mlango wa juu ya duka la mikate ulifunguliwa na mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na uzi mdomoni. Nyuma yake, kando ya dirisha, cherehani ilikuwa imekaa kama mgeni wa heshima. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri kitini.

"Karibuni. Mmekuja kupimwa?"

"Tumekuja kwa ajili ya mashine."

"Siuzi, dada."

"Najua. Umeipata wapi?"

"Nimepewa na mchumba wangu." Akateremsha sauti kwa heshima. "Ilikuwa ya marehemu mke wake. Ndiyo maana naishika kwa adabu."

Mama mkwe akageuka akatazama ukuta.

Mke akapita ndani, akaweka kiganja juu ya ile alama ya pasi. Kikatosha kama siku zote.

"Alama hii ya pasi ni ya mama yangu. Na marehemu ni mimi."

Uzi ukadondoka mdomoni mwa yule mwanamke. Alimtazama mama mkwe, akaziona pua na nyusi za mchumba wake kwenye uso ule wa kizee, akashika ukuta.

"Alilia," akasema. "Aliponieleza ulivyokufa, alilia machozi."

"Nilikufa na nini?"

"Moyo."

"Hapo hakudanganya sana."

Yule mwanamke akaivua futi shingoni, akaenda upande wa pili wa mashine.

"Shika huko," akasema. "Ngazi ni nyembamba. Mimi nashika huku."

Wakaiteremsha wao wawili, mama mkwe akifuata nyuma na blanketi.

Mume alihamia kwa rafiki yake. Ujumbe ukaanza kuingia asubuhi na jioni. *"Shetani alinipitia." "Yule nimeachana naye."* Mke hajui nani alimwacha nani, na hakuuliza. *"Pokea simu tu, mke wangu, unisikie."*

Siku moja, katikati ya pazia refu, simu iliita. *Wangu*. Jina hilo alikuwa hajalibadilisha. Akapokea.

"Ni mimi. Usikate," sauti ikasema. Nyuma yake vyuma viligongana. "Kama huamini ni mimi, niulize. Niulize lile swali letu."

Akaweka kiganja kwenye alama ya pasi.

"Paka yuko wapi?"

"Chini ya kitanda." Jibu lilikuja upesi, lina matumaini, linakaribia kilio. "Yuko chini ya kitanda, mke wangu. Nimepatia?"

"Umepatia."

"Basi nirudi?"

Nje kulikuwa na jua. Pazia lilikuwa la mteja mwingine, dirisha la mtu mwingine.

"Sisi hatujawahi kuwa na paka," akasema, akakata simu. Akarudisha mguu kwenye kanyagio. Magoti yakauma, naye akakanyaga.