Sauti Katika Chumba cha Hadubini

Wening aliweka kioo chini ya hadubini, akatazama, akasita. Retina ya panya, ule utando wa nyuma ya jicho, ilikuwa vilevile alivyoiacha jana, imetandazwa kama ua la petali nne, seli zake za neva ziking'aa kijani gizani. Lakini kwenye petali moja palikuwa na tundu jeusi. Jana seli za pale alizihesabu, akazitia kwenye ramani moja moja. Na nyama ile ilikuwa mfu, imehifadhiwa kwa dawa.

"Galuh, hebu njoo uone."

Mwenzake akainama. "Rangi imefifia. Au ulihesabu huku unasinzia, shoga yangu."

"Zilikuwepo."

"Basi zimekwenda sokoni. Twende tukale bakso, supu ikipoa haina maana."

Wening hakucheka. Mama yake alipofuka kwa sababu seli kama zile zilikufa, na ndiyo maana akaichagua kazi hii.

Alasiri alirudi peke yake. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Nje jua la mji wa Malang likiwaka, ndani ni giza tu. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Ikaja harufu ya mlangilangi, ile ya maua yanayomwagwa makaburini, kisha karibu na sikio lake sauti kavu ikaanza kuhesabu pamoja naye, kwanza nyuma yake kidogo, halafu sambamba, halafu mbele, na kila ilipotaja namba seli moja ilizimika kwenye kioo kama taa inayopulizwa, naye akataka kuinuka asiweze, akataka kufumba macho asiweze, mpaka petali nzima ikawa nyeusi na ile pumzi ya baridi ikaondoka shingoni mwake.

Kesho yake panya wazima wa maabara walikuwa wanajigonga kwenye kuta za vizimba. Macho yao maangavu, hayaoni.

Wiki hiyohiyo Galuh alimimina chai pembeni ya kikombe, ikamuunguza paja.

"Uso wako una shimo, Wening," alisema polepole. "Nikikutazama naona jicho moja tu."

Hospitali walimpiga picha nyuma ya macho. Daktari akasema seli zimekufa kwa mafungu, sababu haijulikani, na zikishakufa hazirudi. Wakiwa kwenye ukumbi, Galuh akamshika mkono.

"Na wewe unamsikia?"

"Namsikia," Wening akanong'ona.

"Kwangu huwa anahesabu nikiwa nakunywa chai."

Baba mdogo wa Galuh, Kiyai Masykur, mwalimu wa dini, alikuja kutoka kijijini. Aliwaketisha mle kwenye chumba cha hadubini, akawasha ubani, akasoma kwa sauti ya chini. Harufu ya mlangilangi ikaushinda ubani. Kichwa cha Galuh kikaangukia kifuani, na kinywa chake kikatoa ile sauti kavu.

"Unataka nini kwa mtoto huyu?" Kiyai akauliza.

"Sitaki kitu. Nafanya kazi."

"Nani kakutuma?"

"Huyo hapo. Nilikuwa napita tu gizani, sina langu. Nikamkuta anahesabu vizuri, nikajifunza. Anataka kujua zinavyokufa. Namwonyesha."

"Sikutaka hivi," Wening akasema, machozi yakimtiririka. "Chukua macho yangu, mwache yeye."

"Yako nitayafikia."

Kiyai akapandisha sauti, akasoma mpaka jasho likamlowesha kanzu, vioo vikatikisika kwenye masanduku, mlango ukajibamiza mara moja kwa kishindo. Kisha kimya. Harufu ikakatika. Galuh akainua kichwa, akalia kama mtoto, akasema hamsikii tena.

"Ametoka," Kiyai akasema akihema. "Kilichokufa hakirudi, wanangu. Ila hatachukua zaidi."

Wening akamkumbatia mwenzake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akapumua hadi tumboni. Wakatoka wote watatu hadi barazani. Jua lilikuwa kali, wanafunzi wakipita na miavuli yao.

Kiyai akasimama ukingoni mwa ngazi. Akapapasa hewani.

"Galuh," akasema kwa upole, "mbona huku nje pia mmezima taa?"

Wening alitaka kumshika mkono mzee yule, lakini mkono wake mwenyewe haukuinuka, kwa maana karibu na sikio lake, taratibu, bila haraka yoyote, sauti kavu ilikuwa imeanza upya kutoka moja.