Kisanduku Kilichotoka Montreal

Kila asubuhi Mama Tshibola hukaanga mikate, yaani maandazi, mbele ya nyumba yake, huko Kapata, mjini Kolwezi. Wachimbaji hula wakiwa wamesimama na kumwuliza habari za nyumbani. Jumatano ile hakungoja kuulizwa.

"Charlotte anatutumia kisanduku! Samedi tutaona ndoa yake mu televizio!"

Charlotte ni binti yake wa kwanza. Anaishi Montreal, Kanada, na Jumamosi hiyo alikuwa afunge ndoa. Tshibola aliomba viza mara mbili, akanyimwa mara mbili. Alilia, akafuta macho, akaapa: kama haendi, basi ataona. Tena ataona pamoja na ukoo wote, si kwa simu ndogo ya kupokezana. Ndiyo maana Charlotte alituma kisanduku hicho. Ukikiunganisha na televisheni na kukipa intaneti, unaona picha kutoka mbali.

Kilifika mchana uleule: kidogo, cheusi, cha kuenea kiganjani. Plagi ya chaja yake, ambayo hapa huitwa fiche, ilikuwa na miguu miwili bapa. Lakini soketi za Kolwezi, yaani prise, zina matundu ya duara.

Mulumba, mume wake, ambaye yeye humwita Tata Charlotte, yaani baba Charlotte, ni fundi wa mashine mgodini. Haombi msaada kwa mtu, hata akipotea njia. Alichukua kisu na kiberiti.

"Tata Charlotte, unafanya nini?"

"Ninakata hii fiche. Nyuzi nitaziingiza mu prise, nizikaze na bijiti bya alumeti."

"Lakini baliandika volts 120 juu yake. Courant ya kwetu si 220?"

"Ku karatasi tu! Ya hapa haina nguvu. Angalia lampe, iko sawa mushumaa. Haifike hata 150."

Wanaume wengi hapa hufikiri hivyo. Mimi ninayeandika nilifikiri hivyo pia, nikaunguza redio nzuri. Umeme dhaifu haukai dhaifu siku nzima. Majirani wakizima majiko yao ya umeme, unapanda ghafla.

Siku ile ulipanda kabla ya nusu saa kwisha. Chaja ililia pa! Moshi ukatoka, nyumba ikanuka plastiki.

Mulumba aliangalia viatu vyake. Tshibola hakupiga kelele, na jambo hilo lilimtisha mume wake zaidi.

"Kunabakia siku tatu," Tshibola alisema. "Mi nitaona mutoto yangu."

Alifunga kisanduku na chaja katika kitambaa, akaenda moja kwa moja kwa Adolphine. Mama huyo hutengeneza simu na redio katika kibanda chake, nyumba ya tatu kutoka hapo. Mulumba alimfuata nyuma, polepole.

Adolphine alinusa chaja.

"Tata Mulumba, unatupikia plastique?"

"Usicheke, Adolphine," Tshibola alisema. "Kisanduku ilishakufa?"

"Tuone kwanza. Chaja njo inapokea courant kali, inaipunguza, inaipa kisanduku kidogo tu. Mara mingi chaja inaungua, kisanduku inapona."

Alionyesha maandishi madogo kwa ukucha.

"Muangalie hapa. Entrée, 120 volts. Kama bangeandika 100 mupaka 240, mungetafuta tu adaptateur ya fiche. Hii, hapana. Hata na adaptateur ingeungua. Na nyuzi mu prise, tata, siku ingine itaua mutu."

Mulumba alikubali kwa kichwa.

"Na hapa chini?" Tshibola aliuliza.

"Sortie, volts tano, ampère moja. Volts inapashwa kuwa sawasawa. Ampères inaweza kupita, lakini isipunguke."

Adolphine alitafuta katika droo, akatoa chaja ya simu. Walisoma wote watatu: kuingia, 100 mpaka 240. Kutoka, volti tano, ampea mbili. Akaichomeka. Taa ndogo nyeupe ikawaka kwenye kisanduku, na Tshibola akamkumbatia Adolphine mpaka miwani ikaanguka.

Ijumaa Adolphine alikuja nyumbani kwao. Aliunganisha kisanduku na televisheni, kisha na intaneti ya simu ya Mulumba. Mulumba akachagua filamu. Maandishi yakatokea: haipatikani katika nchi yako.

"Unaona? Iko mubovu!"

"Haiko mubovu. Filme banauzisha haki yake inchi kwa inchi. Ile ni ya Kanada, tuiache. Lakini kanisa ya Charlotte itaonyesha ndoa ku chaîne ya bure ya intaneti. Ile kila mutu anaifungula."

Halafu alipunguza ukali wa picha.

"Ukiacha picha kali sana, mega za intaneti zitaisha mbele ya bibi arusi kuingia."

Kisha alizima kila kitu, akampa Mulumba rimoti.

"Sasa wewe, tata. Yote, tangu mwanzo."

Mulumba alikosea mara moja, akauliza, akarudia. Ndiyo, aliuliza!

Jumamosi saa kumi alasiri, Montreal ilikuwa saa nne asubuhi. Watu zaidi ya thelathini walijaa sebuleni mpaka madirishani. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, lakini Charlotte alipoingia na gauni lake, Tshibola alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Ghafla simu yake ikalia. Ilikuwa Montreal.

"Mama," pasta wa kanisa la Charlotte alisema kwa Kiswahili, "tunangoja baraka yako. Simu iko pa mikro, kanisa yote itasikia."

Katika televisheni kwaya ilikuwa bado inaimba, kwa sababu picha huchelewa kidogo njiani. Tshibola alisimama. Alibariki kwa Kiluba, akimtaja mama yake na bibi yake, bila kuona kama binti anasikia. Alipomaliza alikaa.

Kwaya ikanyamaza. Ndipo sauti yake mwenyewe ikatoka katika televisheni, kubwa, ikijaza kanisa lile la mbali.

"Mama Charlotte," Mulumba alisema, machozi yakimtiririka mbele ya shemeji zake wote, "angalia. Anapiga magoti."