Kemboi Aliyekataa Kusema Uwi

Siku ile ya kwanza hospitalini mjinga alikuwa Kemboi, na hata yeye mwenyewe hakatai.

Kila alfajiri yeye na baba yake, mzee Micah, walikamua ng'ombe wa mzungu mmoja huko Bahati. Lakini tangu mvua za masika, mguu wa kushoto wa Kemboi ulikuwa ukimchoma kuanzia kiunoni hadi kisiginoni. Kabla ya kufika zizini alipumzika mara tatu. Walikuwa wameukanda kwa mafuta ya kondoo mpaka mbwa wakaanza kumfuata.

Basi wakapanda lori la maziwa kwenda hospitali mjini Nakuru. Njiani baba akamnong'oneza, "Desemba unaingia jandoni. Anayekunja uso mbele ya kisu huaibisha ukoo. Leo usinitie aibu."

Daktari alimbonyeza paja, kisha goti, kisha mgongo. Dresa Achola, msaidizi wa daktari, alifasiri.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

Hapo Kemboi aliona nyota mchana. "Hapana," akasema, bila kupepesa jicho.

"Basi wewe ni mzima kuliko mimi!" Achola akacheka. Wakarudi nyumbani na vidonge.

Wiki tatu baadaye mguu ulikufa ganzi. Kemboi akaanguka zizini, ndoo ya maziwa ikammwagikia. Baba alimbeba mgongoni hadi barabarani, akihema, wakapanda tena lori la kwenda hospitali.

Safari hii Achola hakucheka. "Kijana, daktari haoni ndani ya ngozi. Mdomo wako ndio unaomwongoza. Ukificha tena, huenda usitembee kabisa."

Kemboi akamtazama baba. Baba akatazama sakafu.

Daktari alipogusa uti wa mgongo, kijana akapiga "Uwi!" iliyoamsha wodi nzima. Akadungwa dawa ya rangi mgongoni ili uti uonekane, akapigwa picha ya eksirei. Kumbe palikuwa na uvimbe wa maji, mdogo kama haragwe, uliokandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Ni ugonjwa wa nadra. Daktari akampasua, akautoa.

Siku ya kumi na mbili Kemboi alivuka wodi polepole, amechoka hoi, lakini mguu haumchomi.

"Umejifunza?" Achola akamwuliza. "Kisu cha jandoni kinataka unyamaze. Cha hospitali kinataka useme ukweli."

Mzee Micah hakuridhika. "Lakini amelia mbele ya wanawake na watoto! Nyumbani nitawaambia nini wazee?"

"Waambie amerudi kwa miguu yake, mzee."