Kilichokuwa Chini ya Nanga

Upepo ulitoka nchi kavu, na boti ilikuwa imeupa mgongo. Boti ya matanga iliyotia nanga huelekeza pua kwenye upepo. Hata Bonge alilijua hilo, na likizo nzima Bonge hakuwa amejifunza lolote zaidi ya njia ya mkato ya kwenda kwenye friji.

"Shemeji," alisema nahodha, mume wa dada yake, kiganja juu ya mnyororo. "Nanga uliishusha polepole kwa winchi, kama nilivyokuambia?"

Bonge alimeza kwanza. Ukweli ni kwamba alikuwa na sahani mkononi, kwa hiyo aliipiga breki ya winchi teke na nanga ikajiendea kwa kishindo.

"Si ilifika chini?"

"Hebu shika hapa."

Akashika. Mnyororo ulikuwa ukitetemeka kwa pumzi fupi fupi, kama kifua cha mtoto aliyechoka kulia. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka majini.

Nahodha akajitosa kwenda kuangalia. Akakawia, akakawia mno, kisha akapanda kwa mnyororo huku akitabasamu. Dada akampokea kwa taulo, akaanza kumfuta, mikono ikasita.

"Kaka," alinong'ona, "huyu ni mkavu."

Nahodha akamkamata dada nywele akambamiza uso kwenye mlingoti, jino likaruka hadi kwenye sahani ya Bonge, akambamiza tena, akamkunja mkono mpaka mfupa ukachungulia nje, na sauti ya mama mwenye uchungu ikatoka kwenye kinywa kisichosogeza midomo: "Mmemkandamiza mwanangu kwa chuma. Na mimi namchukua wenu."

Bonge akaiachia sahani.

"Inyanyue," dada akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Kaka, inyanyue nanga."

Umeme wa winchi ulikuwa umekatika, kwa hiyo Bonge akadandia mpini na kuuzungusha kwa mkono, tumbo likimgonga magotini, ngozi ya viganja ikibaki kwenye chuma, huku akimwona dada yake anaburutwa kuelekea ukingoni, anang'ang'ania kamba, anakanyagwa vidole kimoja kimoja, navyo vinalia kama vijiti vikavu, mpaka miguu yake ikaning'inia majini na kitu huko chini kikaanza kuivuta.

Nanga ikang'oka. Kilio chembamba kikapita chini ya boti na kutokomea. Nahodha akaanguka kifudifudi, akitapika mchanga. Kwenye jino la nanga palikuwa na kishungi cha nywele laini, za kitoto.

Walirudi nyumbani wote. Mkono wa dada ukafungwa plasta, na Bonge akahamia kwao kumsaidia kupika. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, nahodha alinawa bombani, maji yakateremka yote kwenye sinki, na mikono ikatoka mikavu. Dada aliinamia sahani yake. Alikuwa ameshaliona hilo zamani.

Nahodha akavuta kiti karibu na Bonge.

"Mtoto anaendelea vizuri, shemeji," akasema, midomo imetulia. "Anakuulizia."