Fundi Hamdani Anenepa Uso

Hamdani ni fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari, na kazi haimwishi. Kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa, alimeza kidonge cha maumivu. Mgongo ulikuwa bado haujauma, lakini yeye aliuwahi. Aliishi hivyo kwa miaka. Dukani walimuuzia vidonge bila swali, kama uzi. Maji alikunywa kidogo, asije akainukainuka akachelewesha nguo za watu.

Mwaka huu uso wake ulijaa. Wateja wakafurahi.

"Fundi, we umekuwa munene. Maisha imekubali," walimwambia.

Naye, si binadamu? Alipendezwa.

Sikukuu ilipokaribia, alitaka kujishonea suruali. Akajipima kiuno: kimepungua. Akapima mguu juu ya kisigino: umeongezeka. Akarudia, majibu yakawa yale yale.

"Mama Mudathiru, kuja upime we," alimwita mkewe, Kayitesi. "Mutu ananenepa miguu, anakonda kiuno?"

Kayitesi aliubonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki. Hofu ikamshika, akampeleka moja kwa moja kwa jirani yao Illuminée, muuguzi wa kituo cha afya.

Illuminée alimpima presha. Ilikuwa juu.

"Unakunywa dawa gani, Baba Mudathiru?"

"Ile ya mugongo tu. Diklofenaki. Kila siku, hata kama hauumi."

"Bon. Huu si unene, mwili wenyewe unakonda. Ni maji imejaa mu mwili. Figo ndiyo inasafisha damu na kutoa maji kwa mukojo. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni inapunguza damu yenye inafika ku figo. Ukimeza miaka mingi, figo inaharibika polepole."

Hamdani alimtazama mkewe, akamtazama muuguzi.

"Mi sielewi. Dawa inatoa maumivu, sasa inaharibu namna gani? Na figo hainiumi hata kidogo."

"Mara nyingi haiumi. Ndiyo hatari yake. Acha hiyo dawa leo, uende hospitali wapime damu na mukojo."

Hospitalini daktari alimwambia ukweli. Figo zimeumia. Sehemu iliyokufa hairudi, ila iliyobaki inaweza kulindwa. Hamdani alirudi nyumbani kichwa kimemvurugika. Angewezaje kuogopa kitu kilichompa nafuu miaka yote? Aliwaza watoto wake, akaogopa hivyo hivyo, bila kuelewa vizuri.

Akaacha. Akameza dawa za presha alizoandikiwa, akapunguza chumvi, akanywa maji kwa kiasi alichoambiwa. Illuminée alimfundisha kukanda mgongo kwa kitambaa cha moto na kutomeza dawa yoyote bila kuuliza. Baada ya miezi kadhaa alipimwa tena. Uvimbe umeisha, na figo hazijazidi kuharibika.

Mgongo bado unamuuma, jamani. Ukianza, anaacha cherehani, anatoka nje, anatembea kidogo.

Juzi mteja mmoja alimkuta barabarani akijinyoosha.

"Fundi, nguo yangu itachelewa."

"Itachelewa, mama," alijibu Hamdani. "Lakini fundi atakuwako."