Mwangwi Uliozidi

Kushoto alipiga noti tatu, zikarudi nne.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya duka la vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika, gita la umeme mapajani, mguu mmoja juu ya kisanduku cha chuma cha rangi ya kijivu. Akadhani kidole kimemteleza. Akarudia polepole: moja, mbili, tatu. Akauondoa mkono kabisa kwenye nyuzi. Mwangwi ukazibeba zile noti, ukazizungusha dukani, na zilipokaribia kufa ikafuata ya nne, ya chini kidogo, kama mtu aliyekuwa akisikiliza kando akajisahau akakohoa.

"Umesikia hiyo?" akamuuliza muuzaji.

Muuzaji, mzee mwenye miwani minene, alikuwa akipangusa vumbi kwenye ngoma. "Mimi nasikia magita tangu asubuhi, bwana. Hapa hata nikiitwa kula sisikii."

Walimwita Kushoto kwa sababu alipiga gita kwa mkono wa kushoto, na katika bendi yao yeye ndiye aliyepiga solo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu waingie studio kurekodi, na kiongozi wao, Kepteni, alikuwa amemwambia mbele ya wenzake wote kwamba gita lake ni kavu. "Unapiga vizuri, sikatai, lakini noti zako zinaanguka chini kama kokoto. Hazikai hewani. Tafuta kifaa cha mwangwi, la sivyo nitatafuta mpigaji mwingine." Maneno hayo yalimchoma. Ndiyo maana siku hiyo alikuwa dukani tangu saa tatu, akijaribu kisanduku kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza kilikuwa na springi ndani. Kila noti ililia kama bati lililogongwa. Cha pili kilikuwa kipya, cha kisasa, chenye taa za buluu, na mwangwi wake ulikuwa safi mno, hauna utu. Cha tatu ndicho hiki cha kijivu, kisicho na jina la kiwanda. Kilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha chenye vituo vinne. Kwenye vituo vitatu mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: chumba, ukumbi, korongo. Kituo cha nne hakikuandikwa kitu, na hapo ndipo Kushoto alipokuwa amekizungushia.

"Hicho kilikuja na mizigo ya bendi iliyovunjika," muuzaji akasema. "Vituo vitatu ni vizuri. Hicho cha nne mimi sikitumii humu ndani."

"Kwa nini?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Duka linakuwa kubwa," akasema, akarudi kwenye ngoma yake.

Kushoto akacheka. Akapiga tena, akafumba macho. Noti zilikaa hewani, zikatandazika mbali, zikarudi zimelowa huzuni ambayo yeye hakuwa ameitia. Katika miaka kumi na tano ya kupiga gita hakuwahi kujisikia hivyo. Akakichukua.

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili. Cha mbele mkewe, fundi cherehani, alishonea nguo za watu. Cha nyuma walilala. Mtoto wao mmoja, msichana wa miaka saba, walimwita Chiriku kwa sababu tangu aamke hadi alale mdomo haukupumzika. Alizungumza na vifungo, na vibanio vya nguo, hata na uji kabla ya kuunywa.

Mchana ule Kushoto alichomeka gita kwenye kisanduku na kisanduku kwenye amplifaya, akaanza mazoezi chumba cha nyuma. Chiriku, aliyetoka shule, akaketi sakafuni miguu mbele.

"Baba, nani anakujibu?"

"Ni mwangwi, mama," akasema, kama alivyozoea kumwita bintiye. "Ni sauti yangu inarudi."

"Si yako. Yako inaisha, halafu yeye anasema."

Kabla hajamzuia, mtoto akainama juu ya gita, mdomo karibu kugusa nyuzi, akapiga kelele, "Uko wapi wewe?"

Nyuzi zikatetemeka, amplifaya ikaichukua ile sauti ndogo. Wapi wewe, ikarudi, wewe, wewe, na ilipokwisha kabisa ikaja nyingine, sauti ya Chiriku mwenyewe, wazi kama ya mtu mwingine aliyemo chumbani, ikasema neno ambalo Chiriku hakulisema.

"Hapa."

Chiriku akapiga makofi kwa furaha. Kushoto akachomoa waya, akajiambia kuwa vitu vya zamani vina vituko vyake.

Kuanzia siku ile nyumba ikabadilika, ila si kwa jambo ambalo ungeweza kumwonyesha mtu kwa kidole. Mkasi wa mkewe ulipoanguka, mlio wake ulichelewa kufa, kana kwamba umeanguka katika jumba tupu lisilo na mlango. Cherehani ikinyamaza, ilisikika nyingine mbali ikiendelea mishono miwili mitatu. Ukikohoa chumba cha mbele, kikohozi kilikwenda hadi ukuta wa nyuma, na badala ya kugonga ukuta kikaendelea kwenda. Pakaanza na harufu, ya jiwe bichi na maji yaliyolala muda mrefu gizani, iliyowapata zaidi saa za mchana, kisanduku kikiwa kimezimwa na waya wake umezungushwa pembeni.

Na Chiriku akaanza kupunguza maneno. Siku ya kwanza mama yake alishukuru, akasema leo walau nitashona gauni likaisha. Siku ya tatu sauti ilikuwa imekwaruza. Siku ya tano alikuwa ananong'ona. Daktari akamulika koo kwa kurunzi, akasema koo ni zima, halina hata wekundu, mpeni maji ya uvuguvugu. Siku ya nane Chiriku aliamka, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Aliketi kitandani akichezesha midomo, macho yamemtoka, kama mtu anayepiga kelele nyuma ya kioo.

Kushoto alikuwa anajua. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimkosesha raha kuliko yote. Katika mazoezi ya bendi gita lake lilikuwa limeanza kufanya watu waache vyombo vyao wamtazame. Kepteni, mtu mgumu ambaye hakuwahi kumsifu hata mama yake, alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Umeitoa wapi sauti hiyo, ndugu yangu?" Na Kushoto, aliyeisikia kwa karibu kuliko wote, alikuwa ametambua kwamba ndani ya ule mwangwi, chini ya nyuzi, mlikuwa na mtoto anayeimba, kwamba kadiri bintiye alivyonyamaza nyumbani ndivyo gita lilivyozidi kunona, na badala ya kukichomoa kile kisanduku na kukitupa alijiambia ni leo tu, kesho sitakigusa, na kesho yake akaenda tena, akaweka mguu juu yake, akafumba macho.

Mkewe alimpata siku hiyo ya nane. Alikuwa amemfuata mazoezini kumwambia kuhusu mtoto, akasimama mlangoni wakati anapiga. Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Hakupaza sauti.

"Ni mwanangu huyo," akasema. "Huyo aliyemo humo ni mwanangu."

"Mke wangu—"

"Ulimsikia. Ulimsikia, na ukaendelea kupiga."

Kushoto akachomoa waya wa gita. Alikusanya vitu vyake, wakarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi mke alileta mganga, mwanamke wa makamo aliyekuwa kiziwi tangu utotoni. Aliongea kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, na aliwasoma watu midomo. Wengi walimwendea kwa sababu hiyo hasa: majini yanayoingia kwa sikio hayakuwa na pa kumshikia.

Alivua viatu mlangoni, akatembea pekupeku, kiganja kimoja ukutani. Akafika mwisho wa chumba cha nyuma, akarudi mpaka mlangoni, akaenda tena.

"Mna vyumba vingapi?"

"Viwili," mke akasema.

"Miguu yangu imehesabu vitatu. Hicho cha tatu ndicho anachokaa. Ni jini asiye na umbo wala sauti. Anakaa penye mvumo, anangoja aitwe." Akamgeukia Kushoto. "Nani alimwita?"

Kushoto akamtazama Chiriku, aliyekuwa amejikunyata kwenye kanga ya mama yake. "Mtoto aliuliza yuko wapi. Lakini mlango niliufungua mimi."

"Tukichome hicho kisanduku?" mke akanong'ona.

"Mkikichoma mtakuwa mmeichoma na sauti ya mtoto humo humo. Washa, baba. Weka pale pale ulipokuwa unaweka. Akisema kitu, mimi simsikii, wewe niambie."

Kushoto akawasha. Akazungusha kitufe hadi kituo cha nne. Hakugusa uzi hata mmoja, lakini amplifaya ikaanza kuvuma yenyewe, na ile harufu ya maji ya gizani ikapanda mpaka mke akaziba pua ya mtoto, na nje ilikuwa mchana kweupe, majirani wakianika nguo, jua limejaa uani, huku humu ndani kila pumzi waliyoivuta ikienda mbali na kurudi, ikienda na kurudi, kana kwamba wamekaa wanne chini ya kisima kisicho na mdomo.

"Baba," ikasema sauti ya Chiriku kutoka kwenye amplifaya. "Mwambie huyo mama aondoke."

Mtoto mwenyewe, mdomo umefungwa, akaanza kulia bila sauti. Kushoto akarudia maneno yale kwa midomo yake.

"Mwulize anataka nini ili aiachie," mganga akasema.

Kushoto akauliza. Ikaja ile noti ya chini, ile ya dukani, na ndani yake neno moja.

"Anasema... anataka sauti ya mkubwa."

Mganga akamgeukia. "Sina dawa ya kumdanganya. Akiipokea yako, hutarudishiwa. Fikiri kwanza, baba."

"Nilikwisha fikiri siku nyingi," Kushoto akasema, "nikafikiri vibaya." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo mkewe alimsikia akimwambia mtu.

Alipiga magoti, akalaza gita, akainama mdomo ukakaribia nyuzi kama mwanawe alivyofanya. Akaita jina la mtoto, lile alilompa siku aliyozaliwa. Akaita tena, na tena, na kila alipoita sauti yake ilipungua unene, ikawa ya mgonjwa, ikawa mnong'ono, ikawa hewa, ilhali ndani ya amplifaya ikizidi kukua, mpaka midomo yake ikabaki inacheza tu na chumba kizima kimejaa yeye.

"Mama!" Chiriku akapiga ukelele. "Mama! Mama!"

Mganga hakusikia, lakini aliuona mdomo wa mtoto na uso wa mama yake. Akang'oa waya kwa mkono mmoja, akakifunga kisanduku katika kitambaa, akakikumbatia kifuani. "Nitakaa nacho mimi," akasema. "Kwangu ataita mpaka achoke." Akaondoka bila kuaga.

Kushoto hakwenda studio. Kepteni alikuja mara mbili kumsihi, mara ya pili akaketi naye saa nzima, akaondoka. Chiriku alianza kusema kidogo kidogo, na baada ya mwezi alikuwa anazungumza na vifungo tena. Baba na binti walitengeneza ishara zao: kugonga meza mara moja ni njoo, mara mbili ni pole.

Ilikuwa alasiri, miezi mitatu baadaye. Mkewe alikuwa amepeleka nguo kwa mteja. Kushoto alikaa kizingitini akibadilisha nyuzi za gita, na Chiriku ameegemea goti lake, akiandika hesabu za shule.

"Mama," ikaita sauti kutoka chumba cha nyuma, kutoka mbali kupita ukuta wake. "Njoo mara moja, mama."

Ilikuwa sauti ya Kushoto, ile ya zamani, nene na yenye kicheko kwa mbali.

Chiriku aliinua kichwa kwa mazoea. "Abe—" akaanza, na mkono wa baba yake ukamziba kinywa kabla neno halijaisha. Penseli ikaanguka. Mtoto akamtazama baba usoni, akaitazama midomo yake iliyofungwa, na Kushoto akatikisa kichwa, akamvuta, akambana kifuani kwa nguvu hata akahisi moyo mdogo ukigonga mbavu zake.

Huko ndani sauti ikanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Kisha ikaita tena, safari hii kwa upole zaidi.